Mto Ulijaa Tukiwa na Mbuzi Wako

Baba Mwende,

Kila nikikupigia naambiwa mteja hapatikani, na najua uko huko kwenu milimani, roho imekutulia. Basi nakuandikia mbele ya watu. Wasome. Nimechoka kusema na simu iliyozimwa.

Wiki jana nilikuwa njiani kuja kwenu kuachana na wewe rasmi. Mila yetu Wakamba unaijua: mume na mke wanaweza kukaa mbalimbali mpaka wazeeke, lakini upande wa mke usiporudisha mbuzi wa maleo, yule wa kuvunja ndoa, ndoa bado ipo. Mimi nilitaka iishe. Kwa kuwa baba yangu hayupo tena, baba mdogo Kioko ndiye angemfikisha huyo mbuzi kwa wazee wenu. Tulimchukua mbuzi kule Njiru, tukamfunga nyuma ya pikapu, tukashika Kangundo Road.

Njia nzima nilikuwa nagombana na wewe kichwani. Nikaikumbuka nyumba yetu ya mtaa wa Tena, mimi mezani natunga mashairi ya harusi za watu, kanisa la ghorofa ya chini linapiga spika, na wewe umeinama unaninong'oneza, "Kwetu ungeandika mpaka kalamu ikuombe msamaha." Nami nakujibu, "Kwenu kuna nini? Mawe na kiu." Tulikuwa tunacheka, Baba Mwende. Hilo nalo linaniudhi, kwamba tulikuwa tunacheka.

Tukafika kwenye ule mto wa mchanga, ule mnaouvuka hata na viatu vya kanisani. Umejaa. Hapo tuliposimama hakukuwa na wingu. Mvua ilinyesha huko juu, na maji mekundu yalikuwa yanapita juu ya kivuko cha saruji. Nikafoka. Nilitaka kuyamaliza siku hiyo hiyo. Baba mdogo akazima gari, akalaza kiti chake.

"Hii mto ikijaa haisikizi mtu," akaniambia. "Shukisha mbuzi, ale."

Nikashuka na mbuzi, nimevimba. Nikamfunga kwenye kichaka, nikavua viatu kwa sababu visigino vilikuwa vinazama, nikakaa juu ya mwamba uliopata joto la jua. Ng'ambo kulikuwa na shamba la ndengu limechanua, na nyuma yake vilima, kimoja nyuma ya kingine, kijani mpaka juu. Mgunga mmoja ulikuwa umejaa viota, na ndege wadogo wa manjano wanagombana kama wamama wa ploti yetu siku ya maji. Upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa mahali mbali.

Sijui mabega yangu yalishuka saa ngapi. Mimi ninayetafutia kila kitu maneno sikutafuta hata moja. Kalamu ilikuwa kwenye mkoba na sikuitaka. Kumbe miaka yote hii nimekuwa nikilala nimekunja ngumi na sikujua.

Halafu nikalia, kwa hasira. Hiki ndicho kitu ulichokuwa ukinieleza, na ulikuwa unasema kweli. Si ungenileta hapa hata siku moja tu, tukae, nione? Badala yake, kazi yako ya Industrial Area ilipoisha, ulinikuta napika ukasema, "Jumamosi tunahamia kwetu." Ukatoka kwenda kutafuta magunia ya kupakia vyombo. Nilipokataa ulibeba begi lako ukaenda, na tangu hapo mtaa mzima unasema Mama Mwende alikataa ushago, hataki kijiji. Mimi sikukataa ushago. Nilikataa kupakiwa.

Maji yakapungua, saruji ikaonekana. Baba mdogo akainua kichwa dirishani.

"Mama Mwende, tunavuka ama tunarudi?"

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi swali kuhusu hii ndoa. Nikamwambia turudi.

Usifurahi. Sijakusamehe na sijahama Tena. Mbuzi yuko Njiru kwa baba mdogo, anakula vizuri kuliko mimi, na nikiamua kumleta nitamleta, mto ujae usijae. Lakini kama kweli unanitaka huko, washa simu, uniulize, kisha unyamaze usikie jibu. Liwe ndiyo, liwe hapana, nataka liwe langu.

Mwende anakusalimu. Mimi sijafika hapo.

Ni mimi, ambaye kwa sheria ya mbuzi bado ni mkeo,
Mama Mwende