Mkono wa Kulia Ugali

Bombo, Jumanne

Dada Agatha,

Shikamoo. Natumaini hapo Kileo mmeamka wazima na kile kifua chako kimepoa. Sisi huku tunapumua tu. Ukungu hautoki na tangawizi inaoza shambani, ila siyo hilo linaloninyima usingizi. Barua nampa Hamidu, amepanda kununua tangawizi. Kwa simu nimejaribu, nikisikia sauti yako nakata.

Ni habari ya mwanao Justa. Unajua nilimwingiza kwenye kwaya ninayofundisha kucheza. Watu hawajifunzi namna moja, dada. Wapo ukiwaambia tu wanashika, wapo lazima waone miguu yako, wengine mpaka uwashike mabega uwageuze. Waliokuwa wanachanganya kulia na kushoto nikawaambia, kulia ni upande wa ule mkono wa kulia ugali. Wakacheka, wakashika. Justa akazidi kupotea. Nikamwita Bi Kushoto, kwaya nzima ikamwita hivyo. Zebedayo mpiga ngoma akawa anamtania kwamba wenzake wanaingia kanisani, yeye anarudi nyumbani.

Siku ya tamasha kule Same, wenzake walipokwenda kunywa chai, nilimbakiza jukwaani arudie. Akaenda kushoto tena. Nikamfokea. Ndipo akaniinulia mkono wa kushoto, akasema, mjomba, mimi ugali nakula na huu, si unajua?

Najua, dada. Kila siku namwona. Kumbe aliyekuwa anafuata maneno yangu ni yeye.

Nilikuambia aliteleza. Hakuteleza. Niliona aibu, aibu ikawa hasira, nikamsukuma kwa nguvu aende kulia, akaanguka chini ya jukwaa. Watu walipokuja mbio nikasema ameteleza, naye amelala pale ananisikia. Mpaka leo hajanikanusha. Daktari anasema nyonga haitarudi kama zamani, atatembea kwa gongo.

Watu wananisifu ninavyomuuguza. Nikimpelekea chakula anajilazimisha kula kwa mkono wa kulia, mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Namwambia ale anavyotaka. Anajibu, ndiyo mjomba, halafu anaendelea hivyo hivyo.

Njoo umchukue. Msamaha siombi. Nguo zake nimeshindwa kuzifunga, maana akiniona atadhani namfukuza kwa kuwa amekosea tena.

Nisalimie shemeji na watoto, kama bado utataka kulitaja jina langu hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Sadock