Malewa ya Mama Zaina

Jumanne, Namatala

Leo nimepika malewa ambayo Mbale nzima haijapata kuonja mfano wake. Hiyo ni kweli tupu, ila sababu yenyewe ni kwamba hayatafuniki.

Binti yangu Zaina amekuja kutoka Jinja na ombi moja tu, ale yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, kwa mchuzi wa karanga, kama alivyopika marehemu mama yake. Nikajitapa kwamba nilijifunza kwa kutazama. Kumbe miaka yote nilikuwa namtazama mpishi, si chungu.

Akatafuna, akatafuna. "Baba, hii mianzi ni ya kula au ya kuezekea?"

"Meza, mwanangu. Usimwaibishe mzee."

Tukacheka mpaka akafuta machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Nikajifanya nachochea moto.

Tukaishia barabarani kula chapati za mayai. Zilikuwa tamu, lakini hazikutukumbusha mtu yeyote.

Kesho najaribu tena, maana keshokutwa anarudi Jinja. Naogopa ladha ile tuliizika pamoja na mwenyewe. Hapa nilipo nasinzia, na harufu ya moshi na karanga inapita mlangoni, kama vile yupo uani anapuliza...

Mama Zaina, wali wako wa kwanza tukiwa maharusi uliungua. Niliula wote na nikakusifu. Wema ule hujanilipa. Njoo ndotoni usiku huu, hata usiketi. Niambie tu, malewa hulowekwa muda gani?