Mama mkwe anasifia chupa, sosi ni yangu

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi nisaidie hivyo hivyo, maana nimejitia matatani mwenyewe. Mimi ni fundi wa mageti, naishi na mke wangu na mama yake, na mama mkwe ana presha, daktari akamkataza sosi ya nyanya ya dukani kwa ajili ya chumvi na sukari, lakini yeye bila sosi hata yai haligusi, basi nikaingia jikoni, nikachovya nyanya mbivu kwenye maji ya moto nikazimenya, nikazichemsha na kitunguu saumu na karoti ili zipate utamu bila sukari, nikasaga, nikarudisha motoni mpaka ikawa nzito, ndimu kidogo, chumvi kiduchu, nikamwekea mezani kwa heshima zote, akaonja akasema, "Baba, hii si ile rangi ya mageti?"

Niliumia, sikufichi. Kesho yake nikaimimina ile ile kwenye chupa tupu ya dukani, akala, akalamba kijiko, "Umeona? Hii ndiyo sosi!" Tangu hapo ni mwendo huo, kibandiko kimechakaa nakirudishia kwa gundi, yeye anasema kampuni imekuwa bahili, na presha imeshuka mpaka daktari kampongeza.

Sasa balaa. Mama mkwe anatangaza kwamba madaktari waongo, sosi ya dukani haina neno, na mdogo wake, naye ana presha, kamwamini, kanunua chupa za kweli, anamwagia mpaka kwenye mkate. Jumapili alikuja kwetu kichwa kinamuuma, miguu imevimba, na mama mkwe akamsogezea chupa yangu, "Ongeza, mdogo wangu, mimi imeniponya." Mimi nikatazama sahani. Mke wangu anajua yote, ananiambia, "Umelianza mwenyewe, limalize mwenyewe." Nikisema ukweli, mama mkwe hatakula tena kutoka mkononi mwangu. Nifanyeje?

Fundi mwenye aibu

Fundi, kwanza nimecheka, nisamehe. Mwanamume anayemenya nyanya kwa ajili ya mama mkwe sijakutana naye kabla ya leo. Hongera. Hongera zimeishia hapo.

Hivi mtu miguu imevimba mbele yako, wewe unatazama sahani? Unaogopa kununiwa? Ungekuwa unamdanganya mama mkwe peke yake ningekuacha na gundi yako. Lakini sasa anayeumia ni mtu ambaye hata hujampikia.

Weka gazeti chini, nenda kwa huyo mdogo wake mama mkwe leo hii, mpeleke akapimwe presha, na njiani mwambie yote. Chupa zake zitoe kabatini.

Jioni usiitishe kikao. Mkalishe mama mkwe jikoni, mpe karoti amenye, pika mbele yake, umimine kwenye chupa ile ile huku anaona. Atakutukana. Pokea. Kwamba presha imeshuka kwa sosi hii, aseme mkeo, maana naye alijua akakaa kimya, asijifanye mgeni. Mama atasusa siku mbili tatu, halafu yai kavu litamrudisha mezani. Kibandiko kibandue. Akiuliza sosi hii inaitwaje, mwambie rangi ya mageti, jina alitoa mwenyewe.

Na ununue sufuria kubwa. Wakwe wenye presha ni wawili, na wote nawataka wazima, wakutukane vizuri.