Hodi Kwenye Stesheni Isiyo na Mtu

Ansab, Maskati
Ijumaa, baada ya Alasiri

Mpenzi wangu, Baba Nasra,

Jana mwanao Nasra alinipigia simu kutoka Japani. Sauti yake ilikuwa ndogo. Tangu hapo ile stesheni haijanitoka kichwani.

Unaikumbuka? Tulikwenda kumtembelea chuoni kwake huko, ukataka tupande treni ya mashamba, sisi wawili tu. Tulishuka penye kibanda cha mbao, benchi moja na saa ya ukutani. Hapakuwa na mkata tiketi wala mfagiaji, wala nyumba ya karibu. Wewe ukasimama mlangoni ukapiga hodi. Mara tatu.

"Baba Nasra, unampigia nani hodi? Hapa si nyumbani kwa mtu."

"Na iwe. Siingii pahala pa watu kama mwizi." Kisha ukacheka. "Hodi tatu, hajaitika mtu. Kwetu tungerudi."

Tungerudi wapi?

Treni ya kurudi ilikuja, behewa moja na dereva peke yake. Tulisimama mbele ya mlango kwa adabu, kama wageni, tukingoja tufunguliwe. Hatukujua kwamba abiria hubonyeza kitufe mwenyewe. Pengine dereva alidhani tunatazama tu. Akaondoka. Nyingine ilikuwa baada ya masaa matatu.

Tulicheka sana. Halafu nikaona umeacha kucheka. Baridi ile, na wewe jasho linakutoka usoni, mkono wa kushoto umeubana kifuani. Niligeuka huku na huku nimwite mtu. Reli tu, na mvua inaanza juu ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa.

"Inapita," ulisema. "Usimwambie Nasra. Niapie."

Nikasema wallahi. Hata ulipoondoka miezi minne baadaye, umejilaza mchana baada ya chakula, sikusema kitu. Waliokuja matangani walisema kifo cha ghafla, nami nikaitikia.

Jana Nasra kaniuliza, "Mama, Baba aliwahi kuumwa kifua? Daktari anataka kujua. Mkono wangu unakufa ganzi."

"La, mwanangu. Baba yako alikuwa mzima."

Yalinitoka yenyewe maneno hayo, kwa mazoea ya kukutii.

Leo asubuhi nilimpigia nikamwambia yote. 

"Ungenambia jana, Mama. Nlimwambia daktari hakuna, akanirudisha nyumbani."

Akasema anarudi hospitali, peke yake. Aliahidi kunipigia akifika. Hiyo ilikuwa kabla ya Adhuhuri, na mpaka sasa hajapiga. Simu iko hapa, kando ya karatasi hii, na mimi naandika huku nikiitazama.

Nimevunja kiapo chako, na sijui kama nimewahi. Nisamehe. Huko uliko, mkumbuke mwanao kwanza. Na mimi, unikumbuke.

Mkeo,
Mama Nasra