Shimo Tusilolitafutia Maji

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Kilimanjaro, juu kabisa ya mawingu. Habari ya kifo chako ilinifikia huku ukiwa umeshazikwa Buigiri. Nisamehe.

Tangu mimi na wewe tulipopunguzwa kwenye kazi ya kuchimba visima, nimekuwa kibarua wa kila mahali. Hapa wataalamu wamenichukua kwa sababu najua kuchoronga, kutoboa mwamba kwa mashine, ufundi ulionipa wewe. Ila hawatafuti maji! Tunatoboa mteremko wa mawe yaliyomeguka, wajue kama chini yake kuna barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Kisha wanashusha vipimajoto shimoni, wavisome miaka na miaka, waone dunia inavyopata joto. Mlima unapimwa homa kama mtoto.

Asubuhi mawingu yakitanda chini yetu, naona kama ni mbuga za Kongwa, nawe unatembea polepole humo, unagonga ardhi kwa fimbo ukitafuta maji, hugeuki.

Wiki iliyopita chuma cha mashine kilikwama mwambani, kikaanza kutoa moshi. Nikakusikia kabisa: "We Mgogo, mchimba visima gani unaogopa matope? Mwagia maji, kinaungua!" Nikachukua birika la chai, nikamimina lote. Nao wataalamu walishatukataza kumwaga maji shimoni, yanaharibu vipimo. Hakuna aliyeniona.

Nilikaa juu ya jiwe. Nikisema, kibarua kinaota nyasi. Nisiposema, wataandika joto la birika langu wakidhani ni la mlima. Nikakumbuka siku ile kijiji kizima kinapiga vigelegele kisimani, wewe ukaonja, ukatema, ukawaambia, "Zimeni ngoma. Ni chumvi. Nimekosea mahali." Mjomba, uso wako siku ile...

Nikaenda hemani kwa wataalamu nikasema. Mkuu wao, mama mmoja mkali, alinitazama mpaka nikatazama chini. "Mzee wa Dodoma, ungenyamaza tusingejua, tungekuandikia na barua ya sifa!" Kisha akalifuta shimo lile daftarini. Kazi ya siku tisa.

Hawakunifukuza. Wameniondoa kwenye mashine, sasa nabeba vyuma mgongoni. Mgongo unauma, Mjomba, lakini nalala. Leo shimo jipya, kavu, limetoa jiwe lenye barafu kwenye nyufa. Nikaruhusiwa kulishika. Likanichoma kiganja.

Pumzika sasa. Watakachosoma humo shimoni, mwaka wowote, kitakuwa cha mlima wenyewe. Hilo nakuahidi.

Mpwa wako.