Kibao cha Bei Moja

Jumamosi, jioni. Joto limegoma kuondoka hata baada ya jua kuzama, sauti yangu imekauka, na sijawahi kuchoka kwa furaha kiasi hiki.

Tumeshinda.

Kwa wiki kadhaa mimi na Mwanaidi, mwenzangu wa chuo, tumekuwa tukikusanya jinzi zinazokataliwa na wateja wa mitumba pale Mchikichini na kuzishona mabegi. Lengo lilikuwa moja: kumnunulia Neema kiti mwendo. Neema ni mtoto wa Buguruni, ana miaka saba, na miguu yake haimbebi. Jumatatu anaanza darasa la kwanza. Bila kiti, mama yake angembeba mgongoni mpaka mgongo ukatae, na siku hiyo shule ingekuwa imekwisha.

Leo Mama Happy, muuza vitenge wa jumla, alituazima kibaraza cha duka lake Mtaa wa Msimbazi. Nami nikatundika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa wino mwekundu: BEI MOJA. Nilimhubiria Mwanaidi kwamba utu haupunguzwi bei. Kwamba anayeomba punguzo juu ya haki ya mtoto amefeli mtihani wa ubinadamu.

Hadi adhuhuri hatukuuza hata begi moja. Watu walisoma kibao, wakapita.

Mama Happy akatoka dukani, akakisoma naye.

"Mwanangu, hapa Kariakoo ukimwambia mtu bei moja, umemwambia asiseme na wewe."

Akakichomoa kibao, akakikalia. Kisha akanyanyua begi. "Haya, nakupa nusu."

"Nusu, mama? Hebu vuta huo mshono kwanza."

"Nimevuta. Hii si suruali ya mtu?"

"Ilikuwa. Imetembea vya kutosha, sasa inabeba."

Wapita njia wakacheka, wakasimama. Akaishambulia zipu, nikaitetea. Akadai mkanda ni mfupi. Nikamvika begani, ukamkaa. Mimi niliyezoea kupanda juu ya meza za bwalo kudai haki, sijapata kukutana na mdahalo mkali kama ule.

"Huyu ana mdomo," akawaambia watu. "Akimaliza chuo mniletee, aniuzie vitenge."

Nikampunguzia kidogo, akalipa. Halafu akatumbukiza noti nyingine katika kopo letu la michango.

"Ile ilikuwa bei. Hii ni sadaka. Usizichanganye."

Baada ya hapo kila mtu alitaka zamu yake ya kubishana nami. Alasiri haijaisha, kibaraza kilikuwa kitupu na kiti kimelipiwa.

Watu wale hawakuwa wachoyo hata kidogo. Ni mimi niliyewafungia mlango, kisha nikawalaumu kwa kutoingia.

Nilimpigia simu mama yake Neema. Kabla hajamaliza kushukuru, Neema akampokonya simu, akauliza swali moja tu: je, kiti kina kengele?

Hakina. Kesho, kabla hatujakwenda kukichukua, nitaitafuta kengele ya baiskeli, na atakayeniuzia ajiandae.