Usimtandikie Ceylan Kitanda

Favoriten, Vienna
Jumapili, 30 Novemba 2025

Mpendwa dada yangu Satı,

Assalaam alaykum. Nakusalimu kwanza wewe, kisha magoti yako, maana nasikia siku hizi ndiyo yanayoamua kama utafika zizini au hufiki. Ile dawa ya kuchua niliyokuachia inasaidia, au umempaka ng'ombe? Theluji imeshafika huko Sorgun? Hapa imeanguka kidogo ikayeyuka kabla sijapata cha kulalamikia.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Daktari kanipima akasema moyo unapiga vizuri. Nikamwambia huenda haujapata habari. Hakucheka. Tangu mke wangu Döndü aondoke nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: najua upo, nikiubonyeza sisikii kitu. Mdomo peke yake ndio unaoendelea kutania, kwa mazoea.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako husikilizwa na nyumba nzima pamoja na kuku. Uandishi wangu unaujua, madarasa matano na viboko visivyo na hesabu. Miwani ikikushinda, akusomee yule binti wa jirani. Mwanao Yaşar hapana. Yaşar akijua jambo saa mbili, saa tatu mwanangu Tuncay huku analijua.

Jambo lenyewe ni Ceylan, binti yake Tuncay. Najua Tuncay amekupigia simu kukuomba umpokee mjukuu wangu mwezi wa pili, akae kwako, asome huko. Najua umeshaosha mapazia ya chumba cha juu. Soma mpaka mwisho kabla hujayatundika.

Hapa nchi nzima inabishania vichwa vya watoto wa kike. Bungeni wanataka msichana asiyefika miaka kumi na minne asivae mtandio shuleni. Kwenye televisheni mmoja anasema tunawakomboa, mwingine anasema mnawaonea, wote wanaume wenye tai, wote vipara. Mimi nimemwaga lami ya mji huu miaka thelathini na moja, hakuna aliyewahi kuuliza nina nini kichwani. Na yule mtawa wa Kikristo aliyemuuguza Döndü hospitali alijifunika kuliko Döndü mwenyewe, wakaitana dada mpaka siku ya mwisho. Nilingoja nikasirike, au nifurahi. Sikupata hata kimoja. Nikabadilisha stesheni, nikawatazama watu wanaoruka kwenye theluji na mbao miguuni.

Ceylan ana miaka kumi na moja. Alianza kujifunika wiki ile nilipomleta Döndü huko kumzika. Yeye tulimwacha, shule ilikuwa wazi. Niliporudi nikamkuta amevaa mtandio wa bibi yake, ule mweupe wenye maua ya zambarau pembezoni, ambayo uliyashona wewe mwenyewe kwa sindano. Sikuuliza. Hakuna aliyeuliza. Hapo ndipo tulipokosea sote, nami wa kwanza.

Tuncay alivimba kama unga uliotiwa hamira. Kwenye chama chetu, kule chini ya msikiti wanaume wanakonywea chai, alikuwa akisema, "Kataka mwenyewe! Sijamwambia neno!" Imamu akamletea mtoto kitabu na sahani ya vitamutamu vya baklava. Kitabu ndicho kilichofika kizima. Mkwe wangu Nuray akawa anaufua ule mtandio kwa mkono kila Ijumaa jioni.

Kisha shule ikaita wazazi waizungumze hiyo sheria. Nilikwenda kwa sababu pana joto na keki. Mama mmoja, Bi Hölzl, akasema kwa upole kabisa, "Jamani, mtoto wa miaka kumi na moja hawezi kujichagulia jambo kama hilo."

Tuncay akasimama. "Binti yangu kachagua mwenyewe! Mkimvua, namtoa. Nina shangazi Uturuki, atasoma huko!"

Watu wetu waliokaa nyuma wakapiga makofi. Mwalimu akanigeukia. "Na babu anasemaje?"

"Babu anasema keki ni kavu."

Walicheka pande zote mbili, dada, na kwa dakika ile nikajiona mjanja. Ceylan alikuwa kwenye korido, mlango uko wazi, anamenya chungwa. Hakuna aliyemgeukia yeye.

Jumatano iliyopita zilitimia siku hamsini na mbili tangu Döndü afariki. Tukasoma maulidi, Nuray akapika halua ya unga kama desturi. Ceylan alikoroga mpaka mkono ukamuuma na hakutaka kupokewa mwiko. Alhamisi asubuhi akaenda shule kichwa wazi, nywele kasuka mikia miwili.

Ungesikia kelele zake. Mwalimu kampa chokoleti na kumwambia ni msichana jasiri. Chamani imamu akampa Tuncay pole kana kwamba tumefiwa tena. Tuncay akaamini kwamba shule imemtisha mtoto. Hasemi naye, na tiketi kaikata.

Jana ndipo nilipomuuliza. Alikuwa ananitengenezea chai. Siku hizi yeye ndiye anayeniamsha.

"We mtundu, mtandio ulivua kwa nini?"

"Siku zimeisha, babu."

"Siku gani?"

"Zile za bibi Satı. Aliniambia kwenye simu. Alisema bibi Döndü anakaa mzima kaburini siku hamsini na mbili, halafu nyama inaachana na mifupa, na inauma. Yeye kafunikwa sanda, nikasema nitajifunika naye mpaka ipite, asiumwe peke yake."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuuliza. Na wewe ulisema keki kavu."

Nilingoja kitu kinichome kifuani. Hakikuja. Ila chai ilipoa mkononi sijainywa, nawe unajua mimi chai siiachi.

Nilimwuliza kama anataka kuja huko. Akasema anakupenda sana, na kwamba ana mtihani wa hesabu, na rafiki anaitwa Milica.

Nikamweleza Tuncay yote. Akanyoosha pindo la zulia kwa mguu. Kisha akasema, "Baba, nimeshasema mbele ya watu." Basi. Mtoto atahamishwa nchi kwa sababu baba yake hawezi kumeza sentensi moja. Si mtu mbaya, unamjua, ana aibu tu ya kurudi nyuma. Lakini akikataliwa na shangazi yake, huko hakuitwi kurudi nyuma. Mkubwa amekataa, mdogo ametii, na chama kizima kitaelewa.

Kwa hiyo kataa, dada. Sema magoti. Sema paa linavuja. Sema nimekutukana kwenye barua hii, nami nitakiri. Umenikatalia mambo mengi maishani, tena kwa furaha kubwa. Hili la Ceylan mkatalie Tuncay, uwe umenipa mimi. Sijui kama nina huzuni au sina, siku hizi sipambanui. Ninachojua ni kwamba asubuhi mtu hunigonga bega na kuniambia chai tayari, na mimi nainuka.

Ndani ya bahasha hii kuna mtandio wa Döndü. Ceylan ndiye aliyeukunja. Anasema uufunge kwenye jiwe la kaburi, kwa kuwa yeye hakuwepo siku ile. Ukiona kifundo kidogo kwenye pembe, usikifungue, kasema ni chake na bibi yake.

Nisalimie Yaşar bila kumwambia kitu, mkewe Emine, na yule binti anayekusomea, ambaye sasa anajua mambo yetu yote. Nuray anakusalimu. Ceylan anakubusu mkono na kuuweka kwenye paji la uso. Mungu akulinde wewe na ng'ombe wako, akuzidishie siku, na akupe ukali wako wote wa zamani kwa simu moja tu.

Mtandio huo ndio uupokee. Na mapazia uliyoyaosha, yatundike chumbani kwako.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye tangu ulipokuwa ukinipiga kwa mwiko,
Durmuş